Jumlisha Moja

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Lumumba.
Kiyoyozi kinakohoa, kinatemea ndoo ya rangi.
Bi Siwatu kaweka bahasha ya kaki mezani
na mkono juu yake, kama mtu anayezuia upepo,
na humu ndani upepo hakuna.

"Ya Mfaume Kizoka," kasema. "Mpima mizani,
bohari la pamba, Kurasini."

Nikafungua jedwali.
Kisanduku cha kwanza: tarehe alipoajiriwa.
Cha pili: tarehe alipokoma.
(Fomu ndivyo isemavyo, alipokoma. Sikuitunga mimi.)
Cha tatu kina alama ya sawasawa, kinangoja.

Kompyuta haijui Jumanne wala Ramadhani.
Siku kwake ni namba iliyopanga foleni:
moja ni Januari mosi, mwaka elfu moja mia tisa,
sisi tuko huku mkiani, elfu arobaini na kitu.
Ukitaka umri wa jambo, toa ndogo kwenye kubwa.
Darasa la pili tulifanya hivyohivyo
kwa vizibo vya soda.

Nikabonyeza.
Zikaja alama za reli, kisanduku kizima:
########
"Imeharibika?"
"Hapana, mama. Safu nyembamba,
siku za mzee hazijaenea."
Nikaivuta pembeni, ikapanuka, zikakaa:
13,035.

Nikamsomea: miaka thelathini na mitano,
miezi minane, siku saba.
Akahesabu kwa pingili, kidole hadi kidole,
midomo ikienda bila sauti.
"Mwanangu, umemzidishia."

Kiti kile hukaliwa na waliopunjwa.
Neno hilo sijapata kulisikia kikitoka.

"Aliingia bohari zimebaki siku nne Sabasaba ifike.
Sabasaba yenyewe ndiyo alikuja kwetu Mtoni,
nywele zimejaa nyuzi za pamba.
Mama akaninong'oneza jikoni:
mbona kijana wa watu kaota mvi?"

Nikarudi kwenye faili. Wino wa buluu, umefifia: 3/7/84.
Mashine yangu hutanguliza mwezi, siku ikafuata,
hivyo Julai tatu ikawa Machi saba,
kipupwe kikawa masika,
na mtu akaanza kazi kabla hajaitwa.

Nikageuza. Siku mia moja na kumi na nane
zikapukutika bila kishindo.
12,917.

"Machi nilikuwa simjui," akasema.
"Machi ile mvua ilibomoa jiko letu,
tukapikia uvunguni mwa ngazi ya jirani.
Zingekuwa zake kweli, hizo siku,
ningezitaka.
Si kwa hela."

Hapo nikakumbuka tunalolisahau kila mara:
kutoa hula siku moja.
Ukianza Jumanne ukakoma Jumatano
jibu lake ni moja;
mgongo wako unajua ni mbili.
Nikaandika mwishoni, jumlisha moja.
12,918.

"Hiyo moja ya nini?"
"Jumanne ya kwanza, mama. Aliyoingia."
Akaitikia kwa kichwa, taratibu,
kama mtu aliyerudishiwa chenji kamili.

Akatia sahihi. Akasimama. Akakaa tena.
"Na mimi je? Tangu Novemba kumi na nne ile,
Alhamisi, mpaka sasa?"

Hilo halimo kwenye fomu.
Nikafungua kisanduku pembeni, chini kabisa,
mkuu wangu asikokutazama.
Pa tarehe ya mwisho sikuandika namba,
niliandika *leo*, neno ambalo mashine hulijua yenyewe,
halihitaji kuambiwa.
Akasoma jibu. Hakulisema.
Akakunja bahasha mara mbili, akateremka kwa ngazi;
lifti ilikuwa nzima.

Asubuhi, kabla ya chai,
nimelifungua tena jedwali lile.
Sijagusa kitu.
Limeongezeka moja.